Jina la Stanley: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukimtajia Mtanzania jina la Stanley, atakutajia Ujiji na Livingstone. Mkongo atakutajia Bula Matari, na fundi seremala atakutajia futi kamba. Wote wako sahihi, ila hakuna aliyeugusa ukoo wenyewe wa Stanley, ule wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambao kwa karne kadhaa wafalme hawakuthubutu kuudharau. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi kila mara kuhusu ukoo huo, kuhusu jina lake, na kuhusu watu waliolibeba bila kuzaliwa nalo.

Stanley ni jina la mtu au la mahali?

La mahali kwanza. Ni Kiingereza cha kale, cha kabla ya Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. "Stan" ni jiwe; "leah" ni sehemu iliyofyekwa ndani ya msitu. Basi Stanley ni uwanja wa mawe katikati ya miti, na viwanja vya namna hiyo havikuwa haba. Mpaka leo kuna vijiji na miji iitwayo Stanley katika Staffordshire, Derbyshire, Durham, Gloucestershire, Wiltshire na Yorkshire ya Magharibi.

Mtu aliyemiliki sehemu kama hiyo, au aliyeihama akaenda kuishi kwingine, alitambulishwa kwayo: William wa Stanley. Makarani wa zama hizo waliandika Kilatini na Kifaransa, kwa hiyo kwenye hati utamkuta kama "de Stanley". Ile "de" ilidondoka taratibu. Tahajia nayo haikutulia kwa muda mrefu: Stanlegh, Stanleigh, Stanelegh, Standley, Stanly. Karani aliandika alivyosikia. Anayetafuta mababu asiache hati kwa sababu ya herufi moja. Baba na mwana waliweza kuandikwa tofauti na parokia ile ile.

Waingereza walianza lini kurithishana jina la ukoo?

Haikuwa siku moja. Kabla ya 1066 mtu alikuwa na jina moja, labda na la utani. Mabwana wa Kinormani ndio waliokuja na desturi ya kujiita kwa mashamba yao, na wana wakarithi jina pamoja na shamba. Watu wa kawaida walifuata nyuma polepole, na ilipofika karibu mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa na jina linalorithiwa.

Sababu mbili zilisukuma jambo hili. Ya kwanza ni kwamba majina ya ubatizo yalipungua mno baada ya ushindi wa Wanormani. Kijiji kizima kilijaa akina John, William, Robert na Richard, na ukiita "John!" wanageuka kumi. Ya pili ni serikali. Mwaka 1377, 1379 na 1381 mfalme alitoza kodi ya kichwa, na mtoza kodi alihitaji kujua ni John yupi aliyelipa na yupi aliyejificha. Kodi ya 1381 ilizua maasi makubwa ya wakulima, lakini orodha zake zimebaki, na leo ni hazina kwa wanaochunguza majina. Wasomaji ambao babu zao waliandikwa na karani wa kodi ya kichwa huku kwetu hawatahitaji maelezo zaidi.

Tofauti na "bin" yetu ni hii: Juma bin Hamisi akizaa, mwanawe ni bin Juma. Jina linasogea kila kizazi. La Kiingereza liligandishwa, mjukuu wa kumi na mbili akabeba kijiji ambacho hajakiona. Wawelshi, majirani zao wa magharibi, waliendelea na utaratibu unaofanana na wetu kwa muda mrefu zaidi, wakitumia "ap" kwa maana ya mwana wa. Jina Parry, kwa mfano, ni "ap Harry" lililobanwa. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo Ujiji.

Je, Stanley wote ni ndugu?

Hapana. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na wauzaji wa "historia ya ukoo wako" mtandaoni wanalichochea kwa sababu lina faida. Vijiji vilikuwa vingi, kwa hiyo koo zilizotokea humo nazo ni nyingi, na hazikuhusiana tangu mwanzo. Ongeza watumishi na wapangaji waliotambulishwa kwa bwana wao, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, watu waliobadili jina kwa hiari, na Waafrika waliofanywa watumwa Karibi na Marekani wakabaki na jina la aliyewamiliki au walilojichagulia baada ya uhuru. Stanley wawili wakikutana uwanja wa ndege, uwezekano mkubwa ni kwamba hawana babu wa pamoja upande wa jina.

Ule ukoo mashuhuri ulianzia wapi?

Staffordshire, kwenye Stanley ndogo karibu na mji wa Leek. Hapo walikuwa wamiliki wa ardhi wa kawaida tu. Walipanda kwa njia ambayo familia nyingi za Ulaya zilipandia: kuoa vizuri.

Ndoa ya kwanza ya maana ilifungwa 1282, William de Stanley alipomwoa Joan Bamville. Kupitia kwake akapata Storeton, kwenye rasi ya Wirral ng'ambo ya mto kutoka Liverpool ya leo, pamoja na ulinzi wa msitu wa Wirral. Nembo yao, mkanda wa bluu wenye vichwa vitatu vya ayala, huhusishwa na msitu huo. Ayala ni yule yule wa Zaburi ya 42 anayeionea shauku mito ya maji.

Ya pili ndiyo iliyowatajirisha hasa. Mwaka 1385 Sir John Stanley, mtoto asiyekuwa wa kwanza na hivyo asiye na urithi wa kutegemea, alimwoa Isabel Lathom, mrithi wa mashamba ya Lathom na Knowsley katika Lancashire. Akina Lathom walikuja na hadithi yao: kwamba babu yao aliokotwa akiwa kichanga ndani ya kiota cha tai. Kuna wanaosema mzee wa nyumba alimzaa nje kisha akampanga mtoto chini ya mti ili mkewe aamini ni muujiza. Vyovyote iwavyo, tai na mtoto wakawa alama ya akina Stanley, na ndiyo maana baa nyingi za Uingereza zinaitwa Eagle and Child, hasa Lancashire.

Sir John hakuishia hapo. Alimtumikia Richard II kule Ireland, kisha Richard alipopinduliwa akamtumikia Henry IV aliyempindua, na mwaka 1405 akapewa Kisiwa cha Man. Malipo yake kwa mfalme? Kozi wawili wa kuwindia, wapelekwe kila mfalme mpya anapotawazwa. Kwa bei hiyo akina Stanley walikishika kisiwa kwa zaidi ya miaka mia tatu, hadi 1736, na mwanzoni walijiita wafalme wa Man bila haya.

Ni kweli waliamua nani awe mfalme wa Uingereza?

Kwa asubuhi moja, ndiyo. Tarehe 22 Agosti 1485, Bosworth.

Uingereza ilikuwa imechoka na vita vya matawi mawili ya kifalme, York na Lancaster. Kiongozi wa ukoo, Thomas, Lord Stanley, alikuwa amefanikiwa jambo ambalo liliwakatia wenzake wengi vichwa: kuwatumikia wote na kubaki hai. Alikuwa ndani ya serikali ya Richard III. Wakati huo huo mkewe, Margaret Beaufort, alikuwa mama mzazi wa Henry Tudor, kijana aliyekuwa uhamishoni akikitaka kiti hicho hicho. Thomas alikuwa baba wa kambo wa mpinzani wa mfalme wake.

Richard hakuwa mjinga. Alimchukua mateka George, mtoto wa Thomas. Inasimuliwa kwamba alipotuma ujumbe kuwa atamkata kichwa, baba alijibu kuwa anao wana wengine. Huenda maneno hayo yalitungwa baadaye, lakini yanawafaa akina Stanley kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kuyafuta.

Siku ya vita Thomas na mdogo wake Sir William walisimama na majeshi yao pembeni, wakitazama. Richard alipoona Henry yuko na walinzi wachache, alimwendea mbio na wapanda farasi wake ili amalize shughuli kwa mkono wake mwenyewe. Alikaribia kabisa, akamuua hadi mbeba bendera wa Henry. Hapo ndipo Sir William alipoingia, upande wa Henry. Richard aliuawa pale pale. Mapokeo yanasema taji liliokotwa na Stanley akalivika kichwani mwa Henry VII.

Thomas alipewa cheo cha Earl wa Derby mwaka ule ule, na mtoto mateka alipatikana mzima. Sir William, ambaye ndiye aliyepigana, alikatwa kichwa mwaka 1495 kwa amri ya mfalme huyo huyo aliyemwokoa, akituhumiwa kumuunga mkono mtu aliyedai kuwa mwana wa mfalme wa zamani. Baba wa kambo wa mfalme hakuguswa.

Ukoo ni Stanley. Derby imetoka wapi? Na inahusianaje na dabi ya Kariakoo?

Derby ni cheo, Stanley ni jina la ukoo, kama ambavyo mtu anaweza kuwa Sultani wa mahali fulani na bado akawa Al Busaidi. Wala hawakuwa watu wa mji wa Derby. Ngome yao ilikuwa Lancashire, katika wilaya iliyoitwa West Derby, na mpaka leo makao yao ni Knowsley, nje ya Liverpool.

Dabi sasa. Earl wa 12, Edward Smith-Stanley, alipenda farasi kuliko siasa. Alikuwa na nyumba iitwayo The Oaks karibu na Epsom, kusini mwa London. Mwaka 1779 yeye na marafiki zake wakaanzisha mbio za farasi majike wa miaka mitatu, wakaziita Oaks kwa jina la nyumba. Mwaka uliofuata wakaanzisha nyingine, zikaitwa Derby kwa jina lake. Hadithi maarufu inasema walirusha sarafu kuamua zibebe jina la Derby au la rafiki yake, Sir Charles Bunbury. Kama sarafu ilirushwa kweli, Bunbury alifutwa machozi haraka: farasi wake Diomed ndiye aliyeshinda mbio za kwanza, 1780.

Mbio hizo zilivuma hadi neno lenyewe likawa la mashindano yoyote makubwa, kisha la mechi ya watani wa mji mmoja. Haya ndiyo maelezo yanayokubaliwa zaidi na ndiyo ninayoyaona yana mashiko. Wapo wanaoshikilia kwamba neno lilitokana na bustani ya Stanley Park ya Liverpool, iliyofunguliwa 1870, kwa kuwa inatenganisha Anfield na Goodison Park, uwanja uliokuwa wa Everton tangu 1892. Ni hadithi tamu kwa shabiki, lakini Epsom ilitangulia kwa miaka 90. Kwa vyovyote vile, njia zote mbili zinaishia kwa ukoo mmoja. Simba na Yanga wakishuka dimbani, au Gor Mahia na AFC Leopards, kinachotajwa ni cheo alichopewa Thomas Stanley kwa kusimama pembeni Bosworth.

Accrington Stanley je? Timu hiyo ya Lancashire haikuanzishwa na malodi. Jina lake linatokana na mtaa wa Stanley Street mjini Accrington.

Nani katika ukoo alifika juu zaidi kisiasa?

Earl wa 14, Edward, aliyekuwa Waziri Mkuu mara tatu: 1852, 1858 hadi 1859, na 1866 hadi 1868. Kabla ya hapo, mwaka 1833 akiwa Waziri wa Makoloni, ndiye aliyeupeleka bungeni muswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Sheria ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zililipwa kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Mji wa Stanley kwenye visiwa vya Falkland unaitwa hivyo kwa ajili yake. Mwanawe Frederick alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada, na kikombe alichokitoa mwaka 1892 bado kinagombewa kila mwaka na timu za hoki ya barafu.

Stanley wa Ujiji alikuwa wa ukoo huu?

Hata kidogo. Henry Morton Stanley, msafiri aliyemkuta Livingstone Ujiji, alizaliwa Denbigh, Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaandikwa John Rowlands. Mama yake alikuwa Elizabeth Parry, binti wa mchinja nyama, na hakuwa ameolewa. Daftari la ubatizo halikuona aibu kuandika kwamba mtoto ni wa haramu. Babu aliyemlea alipofariki, mtoto alizungushwa kidogo, na mwaka 1847, akiwa na miaka sita, akaachwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Alikaa humo hadi 1856.

Baadaye alipanda meli Liverpool kama mtumishi, akaitoroka ilipofika New Orleans mwaka 1859. Kule kulikuwa na mfanyabiashara wa pamba aitwaye Henry Hope Stanley. Kwa masimulizi ya msafiri mwenyewe, mzee huyo alimpenda, akamfanya mwanawe, akampa jina lake, kisha akafariki mwaka 1861 kabla ya kukamilisha urithi. Tatizo ni kwamba kumbukumbu zinaonyesha Henry Hope Stanley alifariki 1878. Waandishi wa maisha yake wamegawanyika kama wawili hao waliwahi hata kufahamiana kwa karibu. Ninavyoona mimi, kijana aliyekulia mahali ambapo hakuna aliyekuja kumchukua alijitungia baba, na akamuua mapema kwenye hadithi ili asije akaulizwa.

Jina la kati halikuja kwa urahisi. Alijaribu Morley, Morelake na Moreland kabla ya kutulia kwenye Morton. Alipotua Zanzibar mwanzoni mwa 1871 kwa niaba ya gazeti la New York Herald, na alipoondoka Bagamoyo na wapagazi wake kumtafuta Livingstone, alikuwa Henry Stanley, Mmarekani. Umaarufu ulipomjia, magazeti ya Uingereza yakafukua habari za Rowlands wa Denbigh, naye alikana kwa ukali. Ukweli wa kuzaliwa kwake aliuandika katika masimulizi yaliyotolewa na mjane wake mwaka 1909, yeye akiwa kaburini.

Kisheria aliruhusiwa kujiita Stanley?

Ndiyo. Sheria ya Uingereza imeliacha jambo hili wazi tangu zamani: mtu mzima aweza kujiita jina atakalo mradi hadanganyi ili kutapeli. Hati rasmi ya kubadili jina ipo, lakini ni ushahidi tu kwa benki na ofisi. Malodi wenyewe walifanya hivyo hivyo. Ile "Smith" katika Smith-Stanley iliongezwa karne ya 18 kwa sababu ya ndoa yenye urithi, kisha wajukuu wakaiacha.

Ni kweli kwamba Stanley wawili walikuwa kwenye mazishi ya Livingstone?

Kweli, na mkusanyiko ule unastahili kuangaliwa kwa karibu. Livingstone alifariki Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Wasaidizi wake, akina Chuma na Susi, wakauhifadhi mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakawasili Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London, ndani ya Westminster Abbey.

Mkuu wa kanisa hilo alikuwa Dean Arthur Penrhyn Stanley, wa tawi la Alderley katika Cheshire, uzao wa ndugu wa yule Thomas wa Bosworth. Huyu ni Stanley wa damu. Miongoni mwa waliolisindikiza jeneza alikuwamo Henry Morton Stanley, yule wa kujitwalia. Na mwingine aliyelisindikiza alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika wa asili ya Kiyao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Nasik nchini India, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Chitambo. Wainwright nalo ni jina la ukoo la Kiingereza, la watengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na yeye hakuwa na babu hata mmoja wa kazi hiyo. Chuma na Susi, waliobeba mzigo wenyewe, walifika Uingereza mazishi yakiwa yameshapita.

Miaka 30 baadaye, Mei 1904, msafiri naye akafariki. Familia iliomba azikwe Westminster karibu na Livingstone. Ibada alifanyiwa humo, ila kaburi Dean wa wakati huo alikataa. Alizikwa Pirbright, Surrey, chini ya jiwe kubwa la matale lisilochongwa umbo, lililoandikwa jina lake, miaka yake, neno "Africa", na Bula Matari.

Bula Matari maana yake nini?

Mvunja mawe, kwa Kikongo. Alipewa wakati akimfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kati ya 1879 na 1884, akipasua barabara kupita miamba ya Kongo ya chini. Yeye alilipenda. Wakongo waliendelea kulitumia kwa serikali nzima ya kikoloni, na huko hawakuwa wakisifia ujenzi wa barabara.

Kuna Stanley wa damu aliyehusiana na pwani yetu?

Yupo, na ni ajabu hafundishwi. Henry, Lord Stanley wa tatu wa Alderley, aliyezaliwa 1827, alifanya kazi ya ubalozi mashariki, akajifunza lugha zake, na akasilimu. Alipomrithi baba yake mwaka 1869 akawa Mwislamu wa kwanza kuketi katika Baraza la Malodi. Huku akiwa Mwislamu alitoa fedha za kukarabati makanisa kwenye mashamba yake ya Wales, jambo lililowachanganya ndugu zake. Alizikwa 1903 kwa taratibu za Kiislamu, na imamu wa ubalozi wa dola ya Uthmaniya akaongoza. Mwanafalsafa Bertrand Russell alikuwa mtoto wa dada yake.

Na pwani? Mwaka 1866 ilichapishwa tafsiri yake ya maelezo ya Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu Sofala, Kilwa, Mombasa, Malindi na bandari za ng'ambo hadi Malabar. Miaka mitatu baadaye akatoa tafsiri ya habari za safari tatu za Vasco da Gama. Wanahistoria wengi wa pwani ya Waswahili waliosoma mambo hayo kwa Kiingereza walipita kwanza mikononi mwa Stanley huyu, miaka kadhaa kabla yule mwingine hajatia nanga Zanzibar.

Majina ya mahali yenye Stanley Afrika yamebaki?

Mengi yameondoka. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Maporomoko ya Stanley ni Boyoma, na Stanley Pool ni Malebo. Sanamu yake mjini Kinshasa iliangushwa zama za Mobutu. Mlima Stanley umebaki, katika safu ya Ruwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Nairobi kuna hoteli ya Stanley, iliyoanza 1902.

Mimi naitwa Stanley kwa ubatizo. Jina limetoka kwa nani?

Kwa mzunguko mrefu. Waingereza wana mazoea ya kuyageuza majina ya koo kubwa kuwa majina ya kwanza: Percy, Howard, Clifford, Sidney, Neville, Stanley. Mazoea hayo yalikuwepo kabla ya Ujiji. Stanley Baldwin, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alizaliwa 1867. Ila umaarufu wa msafiri uliliongezea kasi sana, na watoto wa Kiingereza wa miaka ile waliobatizwa hivyo ni wengi, akiwemo mchezaji Stanley Matthews, aliyezaliwa 1915. Wamisionari walikuja na orodha zao za majina jina hili likiwa kwenye fasheni. Kwa hiyo umebeba jina la kwanza lililotokana na jina la ukoo lililotokana na kijiji. Undugu na malodi haumo.

Na Stanley wa futi kamba na chupa ya chai?

Ni Wamarekani wawili tofauti. Frederick Trent Stanley alianza kutengeneza komeo na vyuma vya milango Connecticut mwaka 1843, na kampuni ndiyo iliyozaa vifaa vya mafundi. Chupa inayotunza joto ilitokana na William Stanley, mhandisi wa umeme, mwaka 1913.

Nimeona Stanley kwenye orodha ya majina ya Kirom. Vipi?

Ni kweli. Warom wa Uingereza, wale ambao Waingereza huwaita "Gypsies", wana familia kubwa za Stanley, sambamba na akina Lee, Boswell na Cooper. Baadhi walihamia Marekani karne ya 19, na mjini Dayton, Ohio, magazeti yalimwita Matilda Stanley, aliyefariki 1878, malkia wao. Kaburi lake lipo huko. Namna walivyolipata jina ni mada ya ukurasa mwingine.

Duka la mtandaoni linaniuzia "nembo ya ukoo wa Stanley". Ninunue?

Ukitaka pambo la ukutani, shauri yako. Lakini kwa Waingereza nembo haipewi jina la ukoo, hupewa mtu mmoja na uzao wake halali. Ofisi inayosimamia, College of Arms ya London, ipo tangu 1484 na inalisema hili kila siku. Wale ayala watatu ni wa nyumba ya Knowsley na matawi yake.

Nianzie wapi kutafuta mababu zangu wa Kiingereza wenye jina hili?

Anzia kwako urudi nyuma. Usianzie kwa Earl ukashuka chini. Ukianzia juu lazima utajikuta umefika Bosworth. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya England na Wales vipo tangu tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo tumia madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538, ingawa mengi ya mwanzo yamepotea. Sensa zenye majina huanza 1841 na hufanyika kila miaka kumi. Ya 1921 imeshafunguliwa kwa umma. Kipimo cha vinasaba vya kromosomu Y kinaweza kuonyesha kama wanaume wawili wenye jina moja wana babu mmoja upande wa kiume, na kwa akina Stanley majibu mara nyingi huvunja moyo. Sensa ya 1931 usiisumbukie: iliteketea kwa moto mwaka 1942. Tafuta badala yake daftari la wakazi la 1939.